Mashine kongwe za michezo: bodi mbovu nayo ina bei

MASHINE ya kwanza ya Pong haikuharibika kwa kuungua wala kwa kuingia maji. Mwaka 1972 kampuni changa ya Atari iliiweka kwa majaribio katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, nchini Marekani. Muda si mrefu ikaja simu kutoka kwenye baa hiyo kwamba mashine imegoma. Mhandisi aliyeiunda, Allan Alcorn, alikwenda na vifaa vyake, akafungua mahali pa sarafu na kukuta tatizo lenyewe: chombo kilikuwa kimejaa sarafu za senti 25 pomoni, hakuna nyingine iliyoweza kupita. Hivyo ndivyo Alcorn mwenyewe anavyosimulia, na kwa mfanyabiashara yeyote huo ni ubovu wa kutamaniwa.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, mashine za aina hiyo hazigomi tena kwa kujaa pesa. Hugoma kwa uzee. Viwanda vingi vilivyoziunda vimefungwa au vimehamia biashara nyingine, na wanaozitengeneza leo ni watu wanaoishika kazi hiyo jioni na siku za mapumziko, kwa mapenzi tu, huko Marekani, Japani, Uingereza na kwingineko Ulaya. Mapenzi hayo, hata hivyo, yamezaa soko kamili, lenye wauzaji wa jumla, wachuuzi, walanguzi, bidhaa feki na bei zinazopanda na kushuka. Jambo linalomshangaza mgeni wa soko hilo ni kwamba hata bodi isiyowaka hununuliwa, na mara nyingine hugombewa.

Ieleweke kwanza kuwa hapa hayazungumzwi madubwi, yaani mashine za kamari. Zinazozungumzwa ni mashine za kuchezea, za aina ya Space Invaders ya mwaka 1978, Pac-Man ya 1980 na Street Fighter II ya 1991. Mteja alitumbukiza sarafu akapata dakika chache za mchezo, hakuondoka na kitu.

Mtaji wa kudumu na mtaji unaozunguka

Mashine nzima ni kabati la mbao lenye kioo cha chogo kama cha televisheni za zamani, kifaa cha kupunguza na kunyoosha umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai, fungu la nyaya, vitufe, na bodi. Bodi ndiyo mchezo wenyewe. Vingine vyote ni nyumba yake.

Hadi katikati ya miaka ya 1980 kila kiwanda kilipanga nyaya zake kivyake, na mwenye mashine aliyetaka kubadili mchezo alilazimika kusuka nyaya upya. Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana kiwango kiitwacho JAMMA, jina la chama chao: plagi moja yenye miguu 56, yaani 28 kila upande, ikibeba umeme, picha, sauti na amri za mchezaji. Tangu hapo mwenye mashine aliweza kuchomoa mchezo uliochosha wateja na kuchomeka mpya kwa muda wa kunywa chai. Kwa lugha ya mahesabu, kabati likawa mtaji wa kudumu na bodi ikawa mtaji unaozunguka.

Kubadilisha kulikuwepo hata kabla ya JAMMA, kwa sababu bidhaa iliyododa lazima ipate njia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Nintendo. Kampuni hiyo ilikuwa imeagiza mashine 3,000 za mchezo wa Radar Scope kwa soko la Marekani, na karibu 2,000 kati ya hizo hazikupata mnunuzi. Kijana mmoja wa ofisini, Shigeru Miyamoto, akapewa kazi ya kubuni mchezo mpya utakaoingia ndani ya mashine hizo hizo. Ukazaliwa Donkey Kong wa mwaka 1981. Vifaa vya kubadilishia vilisafirishwa Marekani, na watu wachache wa tawi la kampuni, pamoja na mkuu wao Minoru Arakawa, wakakaa ghalani kubadili mashine moja baada ya nyingine. Shehena iliyokuwa hasara ndiyo iliyoisimamisha Nintendo Marekani.

Leo Radar Scope ambayo haikubadilishwa ni adimu kuliko Donkey Kong. Imekuwa adimu kwa sababu ilidoda. Mwekezaji anayeingia soko hili akiamini kuwa mchezo uliopendwa sana ndio wenye bei kubwa anaanza na kosa. Pac-Man ilipendwa kuliko karibu mashine zote, lakini ziliuzwa karibu 100,000 Marekani pekee, kwa hiyo bado zipo nyingi.

Umeme kwanza

Fundi mzoefu akiletewa bodi isiyowaka haanzi na prosesa. Anaanza na mita. Chipu za mantiki za miaka hiyo zinataka volti 5, na uvumilivu wake ni mdogo: kati ya volti 4.75 na 5.25. Pawa saplai ya miaka 40 ambayo kapasita zake zimekauka hutoa volti 4.5 zenye mawimbi, na bodi nzima kabisa huonekana imekufa. Pengine umeme unatoka sawa lakini unapotea njiani kwa sababu meno ya plagi yameungua na kuwa meusi. Wapo watu waliouza bodi nzima kwa bei ya mbovu kwa kukosa kupima mahali hapo pamoja. Faida ya mnunuzi katika biashara ya namna hiyo ni malipo ya ujinga wa muuzaji, na haina jina jingine.

Umeme ukiwa sawa, zamu inayofuata ni ya mapigo ya saa. Katika Pac-Man kuna kioo kidogo cha fuwele kinachotetema mara 18,432,000 kwa sekunde. Mtetemo huo hugawanywa kwa sita na kupelekwa kwa prosesa ya Z80. Mapigo yasipofika, prosesa haina la kufanya. Ndipo zinapokuja kumbukumbu. Programu yote ya Pac-Man inakaa katika chipu nne zenye jumla ya kilobaiti 16, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha moja ya simu. Michezo mingi ya miaka hiyo iliandikwa kwenye chipu za EPROM, zenye kidirisha cha kioo mgongoni. Mwanga mkali wa urujuani ukipita kwenye kidirisha hicho hufuta kila kitu, ndiyo sababu kiwanda kilikifunika kwa karatasi ya gundi. Karatasi ikibanduka na miaka ikipita, herufi moja moja huanza kupotea.

Hapa wapenzi wa mashine hizi wana silaha ambayo viwanda havikuwa nayo. Tangu mwaka 1997 ipo programu ya kompyuta iitwayo MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria, ambayo huigiza mashine za zamani ndani ya kompyuta ya kawaida. Ili iweze kuigiza, imeweka kumbukumbu ya alama ya utambulisho ya kila chipu ya programu katika maelfu ya michezo. Fundi huchomoa chipu, huisoma kwa kifaa chake, na kulinganisha alama. Ikitofautiana, amempata mgonjwa. Kazi ambayo zamani ilihitaji michoro ya siri ya kiwandani sasa huchukua dakika tano.

Yapo pia magonjwa yanayofahamika kwa koo, kama mifugo. Chipu ndogo za mantiki zilizotengenezwa na Fujitsu miaka ya 1980 zina sifa mbaya miongoni mwa mafundi. Zikionekana kwenye bodi mbovu huwa washukiwa wa kwanza. Bodi za Williams, kama ile ya mchezo wa Defender wa 1981, zilibeba betri tatu za kawaida za tochi kwa ajili ya kutunza alama za juu na mipango ya mwenye mashine. Betri hizo zikisahaulika huvuja, na maji yake hula njia za shaba hadi bodi inakuwa na kutu ya kijani. Kumbukumbu za aina ya 4116 zinataka umeme wa aina tatu kwa wakati mmoja: volti 5, volti 12 na volti 5 za hasi. Ikikosekana hiyo ya hasi, chipu huungua.

Sehemu inayotaka heshima ni kioo. Kioo cha rangi cha inchi 19 hufanya kazi kwa umeme wa maelfu ya volti, kiasi cha 20,000 na zaidi, na huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Fundi huitoa chaji hiyo kwanza kwa waya uliofungwa kwenye fremu. Baada ya hapo kazi yenyewe ni ya kawaida: kubadili kapasita zote zilizokauka, ambazo huuzwa kwa seti kulingana na aina ya kioo, na kukagua flaibeki. Vigumu zaidi ni vioo vya michezo kama Asteroids na Tempest, ambavyo havichori picha kwa mistari ya kushuka kama televisheni, bali mwale wenyewe huchora umbo. Spea zake hazipo kwenye televisheni yoyote. Transfoma ya volti kubwa ya kioo cha Amplifone, kilichotumika kwenye Star Wars ya mwaka 1983, iliadimika hadi wapenzi wakaamua kuiunda upya wenyewe.

Betri ya kujiua

Hakuna bidhaa inayofundisha tabia ya soko hili kuliko bodi za CPS-2 za kampuni ya Capcom ya Japani. Street Fighter II ilipovuma mwaka 1991, wezi wa michezo walitengeneza nakala feki kwa wingi kiasi kwamba Capcom ilipoteza mauzo yasiyohesabika. Jibu lake lilikuja mwaka 1993 na Super Street Fighter II, mchezo wa kwanza wa mfumo mpya. Programu iliandikwa kwa mafumbo, na ufunguo wa kuyafumbua uliwekwa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri ya lithiamu iliyochomelewa ndani ya bodi. Mwizi akiichokoa bodi, ufunguo unapotea. Lakini hata mwenye mali halali asipoichokoa, betri ikiisha nguvu baada ya miaka kadhaa, ufunguo unapotea vilevile. Bodi huwaka, kioo hubaki na rangi moja tupu, basi. Mafundi waliipa jina la betri ya kujiua.

Mhitimu yeyote wa uhasibu anajua namna ya kukata uchakavu wa mali: gari linapungua thamani kila mwaka hadi linabaki chuma chakavu. Bodi ya CPS-2 haikupungua thamani hatua kwa hatua. Ilikuwa na thamani kamili leo, na kesho yake sifuri, na tarehe ya kesho hiyo haikuandikwa popote. Mnunuzi alikuwa ananunua betri ambayo hakuiona. Kwa hiyo bodi zilizokufa zilitupwa, au ziliuzwa kwa bei ya plastiki yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la wapenzi lilipata njia ya kuitoa programu ikiwa imekwisha kufumbuliwa. Zikaanza kutolewa chipu mbadala ambazo huiwezesha bodi iliyokufa kufanya kazi bila ufunguo na bila betri. Bodi zikafufuka, lakini si kamili: programu haikuwa tena ile ya kiwandani, na wakusanyaji wakali walizihesabu kama gari lililobadilishwa injini. Mwaka 2007 kanuni yenyewe ya mafumbo ilifumbuliwa yote. Na mwaka 2016 mpenzi mwingine alionyesha namna ufunguo wa asili unavyoweza kurudishwa ndani ya bodi kupitia miguu yake midogo, pasipo kubadili chipu hata moja. Kifaa cha kufanyia kazi hiyo kinatengenezwa kwa chipu ya bei ya chini kabisa.

Aliyekuwa na kasha la bodi zilizokufa uvunguni mwa kitanda aliamka asubuhi akiwa na mali. Aliyezitupa mwaka 1999 alikuwa amezitupa kwa hesabu iliyokuwa sahihi siku ile. Na aliyekuwa amenunua bodi hai kwa bei ya juu, akitegemea kuwa nyingine zote zitakufa na yake itabaki ya pekee, alijikuta uhaba aliokuwa ameulipia haupo tena. Watu hao watatu walikuwa na bidhaa ile ile. Kilichobadilika ni maarifa, na maarifa hayo yaligawiwa bure.

Kuunda upya kilichotoweka

Kufufua kuna mipaka. Viwanda vingi viliagiza chipu maalumu zisizouzwa dukani, kila moja kwa kazi moja tu, na zikiungua hazina mbadala. Pac-Man inayo mfano mzuri: sehemu mbili ndogo, moja hugawa zamu kati ya prosesa na kioo, nyingine hupanga anwani za kumbukumbu ya picha. Wapenzi wamezichunguza, wakachora saketi inayofanya kazi ile ile, wakaagiza vijibodi vipya viwandani. Chipu nyingine ngumu zaidi hufunguliwa kwa tindikali hadi moyo wake uonekane, ukapigwa picha kwa hadubini, na njia zake kufuatwa moja moja. Ni kazi ya miezi. Wanaoifanya hawalipwi.

Msomaji asidhani kuiga vifaa ni jambo jipya katika biashara hii. Ms. Pac-Man yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1981 vijana wa kampuni ya General Computer Corporation ya Massachusetts walikuwa wakiuza bodi ndogo ya kuongezea ladha mchezo wa Missile Command wa Atari. Atari ikawashitaki, kisha ikamaliza kesi kwa kuwapa kazi. Wakatengeneza bodi nyingine ya kupachikwa kwenye Pac-Man, mahali pa prosesa, na safari hii wakaipeleka kwanza kwa Midway, waliokuwa na haki ya Pac-Man Marekani. Mwaka 1982 ikatoka sokoni kama Ms. Pac-Man, ikauzwa zaidi ya mashine 100,000. Kijibodi hicho nacho sasa kinazeeka, na wapenzi wanakiunda upya kwa chipu za kisasa. Nakala ya nakala, na bado kina wanunuzi.

Hatua iliyotikisa zaidi ni ya chipu za FPGA, ambazo mtumiaji huzipangia saketi anayoitaka, akaifuta, akapanga nyingine. Mradi wa MiSTer, ulioanza mwaka 2017, hutumia bodi moja ya mafunzo ya wanafunzi wa uhandisi, DE10-Nano, kuiga mamia ya mashine kwa kiwango cha saketi. Bodi hiyo ilianza kwa takribani dola 130. Mahitaji yalipoongezeka, na uhaba wa chipu wa miaka ya 2020 ulipobana, bei ikapita dola 200. Mwaka 2024 nakala zake za bei nafuu zikaingia sokoni. Chini yake kabisa zipo bodi za Kichina zenye michezo 60 ndani ya moja, zinazoingia kwenye plagi ya JAMMA, na tangu mwaka 2018 yapo makabati mapya madogo ya Arcade1Up yaliyoanza kuuzwa madukani kwa takribani dola 300.

Athari yake kwa bei haihitaji ufundi kuielewa. Mtu anayetaka kucheza tu hana tena sababu ya kulipia bodi ya asili. Anayebaki ni mkusanyaji, naye analipia uhalisi: chipu zile zile, karatasi za kiwandani, namba ya bodi inayolingana na ya kabati. Bidhaa ya kati, bodi inayofanya kazi lakini imechakachuliwa, ndiyo inayobanwa pande zote mbili.

Mfano wa namna hofu inavyoweza kuzidi ukweli ulionekana Aprili 2024, Zilog ilipotangaza kuwa itaacha kutengeneza prosesa ya Z80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na kwamba maagizo ya mwisho yangepokelewa hadi Juni 14 mwaka huo. Ilikuwa rahisi kudhani kuwa spea za Pac-Man na ndugu zake zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Z80 ilitengenezwa kwa wingi mno na viwanda vingi kwa karibu nusu karne, na ziko kwenye kila aina ya skrepa. Chipu ya kulimbikiza, kama ipo, si ile yenye jina maarufu. Ni ile isiyo na jina, yenye namba ya kiwanda tu, ambayo hakuna aliyeiunda upya bado. Na hata hiyo ni kamari, kwa sababu huenda kuna mtu anaiunda usiku huu.

Hesabu ya saa

Je, kazi hii inalipa? Tuseme mtu Marekani amenunua bodi kumi kwa dola 40 kila moja, zikiwa na maelezo kuwa "hazijapimwa". Wazoefu husema maneno hayo maana yake ni kwamba zimepimwa, hazikuwaka. Ametumia dola 400, pamoja na dola 60 za spea na 90 za posta. Sita zinapona, anaziuza kwa dola 150 kila moja, anapata 900. Nne zinashindikana, zinabaki ghala la spea. Faida ni dola 350. Lakini zile sita zilikula saa sita kila moja, na zile nne zilizoshindikana zilikula saa nane kila moja kabla hajakata tamaa, jumla saa 68. Hiyo ni kama dola 5 kwa saa, chini ya kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, dola 7.25, na oskiloskopu bado haijahesabiwa.

Hesabu hii, ingawa ni ya mfano, ndiyo inayoeleza kwa nini ufundi huu umebaki wa mapenzi. Hubadilika tu pale mtu anapopata shehena ya bodi za aina moja zenye ugonjwa mmoja. Ya kwanza itamla siku mbili, ya pili saa moja, ya kumi dakika kumi. Wanaopata faida ya kueleweka katika soko hili si wanaotengeneza kila kinachokuja, bali wanaouza seti za kapasita, vijibodi na pawa saplai kwa wanaotengeneza.

Hasara za haraka nazo zipo. Chipu za zamani kutoka kwenye skrepa hukwanguliwa maandishi na kupigwa chapa ya aina ghali. Pamba yenye asetoni ikisuguliwa mgongoni mara nyingi hufichua rangi mpya. Bodi za wizi za miaka ya 1980, zilizoiga Pac-Man na nyinginezo, huuzwa kwa bei ya asili kwa wasiojua kusoma jina la kiwanda. Kadhalika hakimiliki ya michezo haikufa na viwanda: kurekebisha bodi yako ni jambo moja, kuuza chipu ulizonakili programu ya mwenyewe ni jambo jingine, na wanasheria wa makampuni ya Japani wanajua tofauti.

Fundi wa chogo

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa swali ni kama kuna nafasi. Kiufundi ipo. Kioo cha mashine nyingi hizi huchora mistari yake kwa kasi ile ile ya televisheni ya chogo, na mafundi wa Ng'ambo wanaotafuta kioo kisichochoka hukitoa kwenye televisheni ya zamani, wakihamishia shingoni mwake koili za kioo kilichokufa. Fundi wa mtaani aliyebadili kapasita na flaibeki kwa miaka 20 tayari anajua nusu ya kazi. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia Desemba 31, 2012. Chogo ziliendelea kwa msaada wa ving'amuzi, kisha zikasukumwa nje na vioo bapa. Na kwa saa ambayo Mmarekani anaona imemlipa dola 5, fundi wa hapa asingelalamika.

Kinachokwamisha ni safari. Kioo ni kizito, kinavunjika, na ndani yake kina risasi. Bodi ni nyepesi, lakini lazima ilipiwe nauli ya kuja ikiwa mbovu na nauli ya kurudi ikiwa nzima, na zile nne zilizoshindikana zinakuwa zimelipiwa kuja bure. Aidha, tangu Januari 1, 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama, yanataka taka zote za vifaa vya umeme zipate kibali cha nchi zinakokwenda na zinakopita kabla ya kusafirishwa, hata zisizo na sumu. Bodi kumi zilizoandikwa "mbovu" kwenye karatasi za forodha zinaweza kuhesabiwa taka. Zikiandikwa "nzima" ili zipite, mwenye mzigo ametoa maelezo ya uongo.

Anayetaka kununua hata hivyo, iwe kwa kuchezea au kwa kuweka, hana haja ya maswali mengi kwa muuzaji. Aombe picha ya bodi pande zote mbili, picha ya kioo ikiwa mchezo unawaka, na kama ni CPS-2, aulize betri ilibadilishwa mwaka gani. Bodi za kwanza za mfumo huo zina zaidi ya miaka 30, na baadhi yake hazijawahi kufunguliwa.